Mtu Asikudanganye Ufulize Pesa ya Picha ya LinkedIn

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza kuna mtu atalichimbua alilete hapa. Mwaka juzi nilitengeneza video ya dakika moja na nusu. Nilikuwa nimevaa blezi ya kijivu ya kuazima, nimesimama mbele ya pazia jeusi ndani ya studio moja ya picha hapa katikati ya Nairobi. Nikaangalia kamera nikasema: "Wewe unasaga lami mwaka wa tatu, na profaili yako ya LinkedIn bado iko na picha uliyoikata kutoka kwa harusi ya mjomba, mkono wa mtu unaonekana begani. Amka! Sura yako ndiyo CV yako." Nikalipwa 8,000, nikapigwa picha bure, na ile video ikatembea kuliko kitu kingine chochote nilichoweka mwaka huo.

Aliyeiamini kuliko wote ni binamu yangu.

Ana diploma ya ununuzi na ugavi. Alikuwa ametoka Kakamega kuja kutafuta kazi, analala kwa rafiki yake Githurai. Hakunipigia hata kuniuliza. Aliona dadake anasema kitu mbele ya kamera, akafanya. Kwa simu alikuwa na 1,500. Picha ilikuwa 3,500, hiyo ndiyo ilikuwa "ofa". Akafuliza 2,000.

Picha ikatoka baada ya siku nne na ilikuwa safi, sitasema uongo. Shati limenyooka, macho yanang'aa, nyuma kuna ile rangi ya kijivu ya ofisi za watu wenye pesa. Shida ni kwamba hakuwa yeye. Binamu yangu ni mweusi, mweusi wa kwetu, na yule wa kwa picha alikuwa ameoshwa akawa na rangi ya chai ya maziwa. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, alianguka kutoka kwa mwembe tukiwa wadogo na mimi ndiye nilimpandisha. Kovu halikuwepo. Hakuna mtu aliyemuuliza kama analitaka ama halitaki. Walilifuta tu, kama vile mtu anafuta doa kwa meza.

Baada ya wiki kadhaa kampuni moja ikamtafuta kwa mahojiano ya video. Mama aliyekuwa upande ule mwingine akamwangalia, akaangalia kitu pembeni, akamwangalia tena. "Samahani, naongea na mwenye profaili?" Binamu akasema ndiyo, ni mimi. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka.

Hata hivyo walimwita aende mwenyewe, ofisi zao ziko Industrial Area, Jumatatu saa mbili asubuhi. Mamake akamtumia 500 ya nauli Jumapili jioni. Kama umewahi kufuliza unajua kilichofuata. Pesa iliingia na papo hapo ikamezwa na deni, simu ikabaki inasoma sufuri. Aliona aibu kumwomba tena mamake, na aibu zaidi kuniambia mimi. Kwa hivyo saa kumi alfajiri akatoka Githurai kwa miguu, na shilingi chache alizopewa na rafiki yake, akatembea Thika Road mpaka Allsops ndio apate gari la nauli ndogo. Alifika kwa wakati, viatu vikiwa na vumbi na shati limelowa mgongoni. Kazi hakuipata. Sitasema ni kwa sababu ya picha ama ya jasho. Walikuwa wengi, nafasi ilikuwa moja. Lakini ile 3,500 ingekuwa nauli ya kwenda na kurudi mara nyingi sana, na mimi ndiye niliyemwambia aipeleke mahali ilipoenda.

Sasa, tangu hapo nikifungua simu naona video kama yangu kila siku. Vijana wa rika langu, wengine marafiki, wamesimama mbele ya mapazia wakiwaambia watu wasio na kazi kwamba shida yao ni picha. Na hapo ndipo hasira yangu iko. Mtu ametuma maombi mia moja hajajibiwa hata moja, unamwambia kasoro iko kwa uso wake. Humwambii kwamba nafasi ni chache na wanaozitafuta ni wengi, ama kwamba kuna tangazo lililowekwa mtandaoni na mtu wa hiyo kazi tayari ameshachaguliwa. Hapana, ni taa na kola ya shati. Ni rahisi kumuuzia mtu picha kuliko kumwambia ukweli, na aliyekata tamaa hununua haraka.

Silaha yao kubwa ni nambari moja, na mimi pia niliitumia. LinkedIn wenyewe wamekuwa wakisema kwamba mwenye picha kwa profaili hutazamwa hadi mara 21 zaidi ya asiyekuwa nayo. Mara 21! Ukisikia hivyo unakimbilia pochi. Lakini isome tena polepole. Inalinganisha mtu mwenye picha na mtu mwenye kile kivuli cha kijivu kisicho na uso. Haisemi picha ya studio. Haisemi ya 3,500. Picha iliyopigwa na dadako kwa dirisha inahesabika hapo kama picha. Halafu jiulize, mtu ambaye hajaweka picha, je, amejaza hiyo sehemu nyingine? Mara nyingi ni akaunti iliyofunguliwa siku ya semina chuoni ikaachwa hapo, haina kazi, haina masomo, haina chochote. Si ajabu haitazamwi. Na mwenye kutoa hiyo nambari ni kampuni ambayo ilianza 2003, Microsoft wakainunua 2016 kwa zaidi ya dola bilioni 26, na biashara yake inanenepa kadiri sisi tunavyojaza nyuso zetu pale. Silaumu kampuni kujipigia debe. Nalaumu sisi tunaochukua tangazo lake na kulihubiri kama aya.

Wacha nirudi kwa ile rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu watu wengi huona ni mambo ya urembo tu na huvuka haraka.

Zamani za filamu, maabara za picha zilikuwa zinapimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kodak ndio walizitoa, na ziliitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mtambo uko sawa. Yetu ikitoka kama shimo lenye meno, hiyo ni shauri yetu. Hali iliendelea hivyo miongo kadhaa, na watafiti wa historia ya picha wameeleza kwamba moja ya mambo yaliyosukuma mabadiliko ni malalamiko ya wauza chokoleti na wauza fanicha, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikuwa zinatoka vizuri kwa matangazo. Yaani kabati lilisikizwa. Halafu tukaingia kwa kompyuta tukadhani yameisha. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru wakapima mifumo mitatu ya kampuni kubwa, iliyodai inaweza kutambua kama uso ni wa mwanamume ama wa mwanamke. Kwa wanaume weupe, mfumo mbaya zaidi ulikosea chini ya asilimia 1. Kwa wanawake weusi, makosa yalifika asilimia 34.7.

Na sasa kuna hizi programu za akili bandia. Unapakia picha kumi ulizojipiga, unalipa kidogo, unarudishiwa picha arobaini ukiwa umevaa suti ambayo hujawahi kuigusa. Mwaka 2023 mwanafunzi mmoja wa MIT, Mmarekani mwenye asili ya Asia, aliomba programu ya namna hiyo igeuze picha yake iwe ya kikazi, ya kuweka LinkedIn. Ikamrudishia mwanamke mzungu mwenye macho ya buluu. Nadhani hiyo ndiyo picha iliyo wazi kuliko zote kuhusu maana ya neno "kikazi" kichwani mwa hizo mashine, na mashine hazikuota hilo wazo usiku. Zimelitoa kwa picha zetu, zile ambazo binadamu walishazipanga hivyo.

Kwa hivyo kijana wa studio anapokupausha kidogo na kukuchonga pua, pengine hana ubaya wowote. Amebonyeza kitufe kilichoandikwa "rekebisha". Lakini mimi nauliza, nini kilikuwa kimeharibika?

Nywele nazo. Nikiwa pale studio, msichana mmoja mwenye rasta ndefu nzuri aliambiwa azifunge zote nyuma "ndio uonekane mtu wa ofisi". Akazifunga bila neno. Hiyo ni sauti tumeisikia tangu shule ya msingi. Mwezi wa Septemba 2019 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba shule ilivunja haki za msichana Mrasta ilipomfukuza kwa sababu ya nywele zake. Na Katiba yetu ya 2010, ibara ya 27, inapokataza ubaguzi haitaji tu kabila, dini na jinsia. Inataja rangi, inataja ulemavu, na inataja hata mavazi. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamkataza mwajiri kubagua tangu hatua ya kutafuta wafanyakazi, si mpaka uwe umeshaajiriwa.

Sasa niambie, mwajiri anayesema "ambatisha picha" kwa tangazo la kazi ya kuweka hesabu, anaitaka ya nini? Hesabu zitajumlishwa na mashavu? Kule Marekani tume inayosimamia usawa kazini inawaambia waajiri wasiombe picha ya mwombaji kazi kabisa, na kama wanaihitaji kwa kitambulisho, waichukue baada ya kumpa kazi. Hapa kwetu tumezoea. Kuna yale matangazo mengine ya mapokezi na hoteli, mnayajua: msichana, miaka 18 hadi 25, mwenye sura ya kuvutia, tuma picha ya mwili mzima kwa WhatsApp. Mwili mzima! Dada zangu, hapo hakuna kazi, na kama ipo si ile iliyoandikwa. Usitume. Lakini ona vile kitu kimoja kinazaa kingine. Tukishakubali kwamba sura ni CV, huyo naye anauliza tu kurasa zote za hiyo CV.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Lakini watu huangalia kwa macho kabla ya kusoma." Kweli, na mimi sisemi uondoe picha. Kivuli cha kijivu kinafanya uonekane tapeli, na matapeli huko ni wengi. Weka picha. Ninachosema ni kwamba kazi ya ile picha ni moja, mtu akikutana na wewe ajue ni wewe. Ya binamu yangu ilikuwa imepigwa na mtaalamu na ikashindwa hiyo kazi moja.

La pili litatoka kwa wapiga picha, na hao nawaheshimu, tumekula nao. Mtaniambia nao wana kodi ya nyumba. Sawa kabisa. Wakili ambaye ofisi inamlipia picha ya tovuti, mwigizaji, mtu anayealikwa kuhutubia watu, hao waje walipe hata 10,000, ni haki yenu. Wale wa bei ya kadiri wanaokupiga kwa dakika tano bila kukugeuza mtu mwingine, hao sina neno nao. Ugomvi wangu ni na yule anayemngoja asiye na kazi mlangoni, anamtia hofu, halafu anamuuzia dawa ya hiyo hofu. Na ugomvi wa kwanza ni na sisi tunaomletea wateja kwa video.

La tatu nililisikia kwa rafiki yangu mwenyewe: "Si uwekeze kidogo kwa maisha yako?" Kuwekeza ni pale una kitu kinabaki. Mtu anayehesabu nauli hawekezi akifuliza, anaongeza deni.

Basi fanya hivi, bure. Mimi nimeishi na kamera kwa miaka minne, hii ndiyo sehemu ninayoijua kweli.

Tafuta dirisha ama mlango ulio wazi, asubuhi kabla jua kuwa kali ama jioni kuanzia saa kumi. Usisimame juani, jua la saa sita linachimba macho na kufanya paji la uso ling'are kama sufuria. Simama ndani kidogo, uso ukielekea huo mwanga. Ukiwa kwa ploti isiyo na dirisha la maana, koridoni panatosha, songa tu nguo za watu pembeni kwa heshima. Nyuma yako tafuta ukuta wa rangi ya wastani, kijani, buluu, hata ule wa udongo. Ukuta mweupe pamoja na shati jeupe vinaidanganya kamera. Inaona weupe mwingi, inadhani mahali pote pana mwanga kupita kiasi, inapunguza mwanga wote, na wewe mwenye ngozi nyeusi unaingia gizani. Ndio maana picha nyingi zetu hutoka vibaya, si kwamba sisi ni "weusi sana kwa kamera". Hilo neno niliambiwa nikiwa na miaka kumi na tisa na mtu aliyekuwa analipwa kunipiga.

Ondoka kwa ukuta hatua moja ama mbili ili kivuli chako kisikukalie nyuma. Pangusa lenzi na shati, iko na mafuta, najua iko. Mpe mtu simu atumie kamera ya nyuma, si ya mbele, na asikukaribie. Akikukaribia pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbia. Asimame hatua mbili ama tatu, simu iwe sawa na macho yako, halafu mtakata pembeni baadaye. Kabla hajabonyeza, aguse uso wako kwa kioo cha simu kisha apandishe mwanga kidogo mpaka ngozi yako ifanane na vile ilivyo. Vaa nguo utakayovaa siku ya mahojiano, ama inayokaribiana nayo. Blezi ya Gikomba iko sawa, na kama huna, shati lililopigwa pasi liko sawa pia. Kilemba chako, hijabu yako, rasta zako, miwani yako, viache. Miwani ikimulika dirisha, inamisha kidevu kidogo tu.

Piga arobaini. Thelathini na tisa zitakuwa mbaya, hiyo ni kawaida, hata yangu ya studio ilichukuliwa mara sitini na kitu. LinkedIn itaikata iwe duara dogo, na picha ya pikseli 400 kwa 400 inawatosha, simu ya mkopo inakupa zaidi ya hizo. Usiweke filta. Na kama hutaki kila mtu auone uso wako, ingia kwa mipangilio ya picha, unaweza kuchagua wanaoiona wawe ni wale tu mliounganishwa nao.

Wiki jana binamu alipigwa upya na mtoto wa jirani, nje ya nyumba huko Kakamega, mbele ya mlango wa buluu. Kovu liko. Ile ya studio ameitoa, na mimi ile video nimeifuta. Waliokuwa wanaiuliza, hiyo ndiyo sababu.

Nilimtumia 3,500 pia, bila maneno mengi. Niliona aibu hata kupiga simu. Dakika mbili hazijaisha akanijibu: "Asante dada. Na ya kutoa?"